Nimekuta binti yangu amepiga 116 kwa simu ya nyumbani: je, nimuulize au ninyamaze?

MamaWawili_Tabata aliandika:

Habari za jioni, ndugu zangu. Naomba ushauri kuhusu jambo ambalo limeninyima usingizi kwa siku nne sasa, na ambalo siwezi kulizungumza na majirani, kwa kuwa hapa mtaani kwetu neno likishatoka ndani halirudi.

Nina binti wa miaka 13 aliyeanza kidato cha kwanza Januari mwaka huu. Hana simu yake mwenyewe. Mimi natembea na simu yangu, na nyumbani tunaacha kitochi kimoja sebuleni ili watoto waweze kunipigia nikichelewa kurudi kutoka Kariakoo, ninakouza vitenge. Jumapili iliyopita nilikuwa natafuta namba ya fundi bomba katika orodha ya simu zilizopigwa kwenye kitochi hicho, nikakuta 116 imepigwa mara tatu ndani ya wiki moja. Simu ya kwanza ilidumu sekunde chache, ya pili haikufika dakika moja, na ya tatu ilidumu dakika 26. Zote zilipigwa kati ya saa tisa alasiri na saa kumi na moja jioni, muda ambao mdogo wake huwa madrasa.

Najua kwamba 116 ni huduma ya simu kwa mtoto, kwa sababu nimewahi kuiona ikitangazwa, lakini ufahamu wangu unaishia hapo. Nakiri kwamba hisia yangu ya kwanza haikuwa huruma bali aibu, na ya pili ilikuwa hasira: ni kitu gani ambacho mtoto anaweza kumweleza mtu asiyemjua kwa dakika 26 na asinieleze mimi niliyemzaa? Je, kupiga simu huko maana yake amenishtaki? Laini imesajiliwa kwa kitambulisho changu na alama za vidole vyangu, sasa je, nitarajie kuitwa mahali? Nikiwapigia wao, wataniambia alichosema?

Niongeze kwamba tangu mwezi wa pili amekuwa mkimya na anaacha chakula. Darasa la saba alikuwa mtoto wa kujibu hata maswali asiyoulizwa. Baba yake yuko Mtwara kikazi na bado sijamwambia.

Mzee_wa_Ukonga alijibu:

Mwanangu, pole sana. Nitasema ninavyoona, na vijana watanisamehe. Katika ukoo wetu, na sisi ni Wazaramo wa hapahapa, binti akivunja ungo alikuwa na somo wake, mtu mzima aliyechaguliwa na wazazi kwa kuangalia tabia na ulimi wake, na mambo yote ambayo binti aliona haya kumwambia mama yake aliyapeleka kwa huyo. Hakukuwa na haja ya kumpigia mtu aliyekaa ofisini ambaye hajui hata nyumba yenu ina milango mingapi. Mambo haya ya simu tumeyapokea kutoka Ulaya, ambako watu wanaishi peke yao na hawana shangazi.

Ushauri wangu ni kwamba umwite dada wa baba yake aje akae na mtoto siku mbili tatu. Kitochi hicho kiondoe sebuleni kwanza, mpaka ujue kinachoendelea.

Kijana_wa_Kigogo alijibu:

Mama, tafadhali usikiondoe. Mimi niliwahi kupiga simu kwenye huduma ya namna hiyo nikiwa na miaka 15, kwa simu ya kaka yangu. Baba alipogundua alinikalisha kitako akanihoji mbele ya watu wote wa nyumbani nilisema nini na nilimtaja nani. Sikumjibu, na kwa miaka mingi baadaye sikumwambia kitu chochote kizito, hata nilipougua.

Msikilizaji_Mstaafu alijibu:

Dada yangu wa Tabata, nilifanya kazi ya kupokea simu za watoto kwa miaka kadhaa kabla ya kuhamia kazi nyingine, na kwa hiyo nitajaribu kujibu maswali yako kwa yale niliyoyaona mezani. Mzee wa Ukonga, shikamoo; nitarudi kwenye hoja yako ya somo, kwa sababu nadhani umesema jambo kubwa kuliko ulivyokusudia.

Nianze na zile simu mbili fupi. Wazazi wengi huziona kama utundu, na hata baadhi ya wapokeaji wapya huchukia wanapopigiwa na mtoto anayecheka, anayetukana, au anayekata mara tu baada ya kusikia sauti. Ukikaa kwenye kazi hiyo muda wa kutosha utajifunza kwamba sehemu kubwa ya simu hizo ni za kupima kina cha maji. Mtoto anataka kujua kama kweli kuna mtu, kama mtu huyo ni mkali, kama anaongea kama mwalimu wa zamu. Wengine huanza kwa kusimulia habari za "rafiki yangu mmoja", na mnasihi mzuri hamharakishi rafiki huyo kubadilika kuwa "mimi". Binti yako alipima mara mbili na mara ya tatu akaongea. Kwa jinsi ninavyoijua kazi ile, hiyo ni dalili ya mtoto mwangalifu.

Dakika 26 huenda vipi? Pengine si kama unavyofikiri. Dakika tano za mwanzo zinaweza kupita kwa kimya na kuvuta pumzi, na mpokeaji anachofanya ni kumhakikishia kwamba bado yupo na hana haraka. Halazimishwi kutaja jina wala shule. Hapewi mawaidha ya "mtii mama yako" wala haambiwi "mkimbie mama yako". Anaulizwa maswali yasiyojibika kwa ndiyo au hapana: ilianza lini, inakuwaje usiku, nani mwingine anajua. Karibu na mwisho huulizwa swali ambalo kwangu ndilo lililokuwa kiini cha kazi yote: katika watu wazima unaowafahamu, ni yupi ungeweza kumweleza hili, na ungeanza na sentensi gani? Nimewahi kufanya mazoezi na mtoto kwa simu, mimi nikiwa mama yake na yeye akirudia sentensi yake ya kwanza mpaka sauti ikaacha kutetemeka. Kwa hiyo usishangae iwapo sehemu kubwa ya zile dakika 26 ilitumika kutafuta njia ya kurudi kwako.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la kushtaki. Katika lugha yetu watoto wenyewe hutofautisha vizuri kati ya kusema na kusemea. "Nitakusemea kwa mama" ni tishio ambalo kila mtoto analijua, na maana yake ni kumpeleka mwenzako akaadhibiwe. Aliyepiga 116 kwa kawaida amesema, hajamsemea mtu. Zipo simu ambazo kusema kwake kunafichua ukatili, na hizo nitazieleza, lakini nyingi nilizopokea zilihusu mitihani, upweke, kufiwa, wazazi wanaogombana, kuchekwa, mapenzi ya kwanza, na hofu ambayo mtoto mwenyewe hakuwa na jina lake.

Kuhusu siri: hapana, ukiwapigia hawatakuambia alichosema, na wakikuambia utakuwa na sababu ya kuwalalamikia. Hata hivyo siri hiyo ina mpaka, na mpaka wenyewe mtoto hupaswa kuelezwa. Kama maisha yake yako hatarini, au kama kuna mtu anayemuumiza, mpokeaji hawezi kulifungia jambo hilo kwenye daftari. Huduma ya 116 inaendeshwa na shirika la C-Sema kwa ushirikiano na Serikali, na kazi ya kwenda kumwona mtoto si ya mpokea simu, bali ni ya afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na inapokuwa jinai, ya Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mtu yeyote katika jamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Wajibu huo unanihusu mimi, unakuhusu wewe, na unamhusu jirani yako pia. Afisa ustawi akipokea taarifa, hatua yake ya kawaida ni kumwita anayelalamikiwa wazungumze. Kuwa na laini iliyosajiliwa kwa jina lako hakukufanyi kuwa mtuhumiwa wa jambo lolote.

Sasa, Mzee wangu wa Ukonga. Ni kweli kwamba simu za kusikiliza watu zilianzia London, pale kasisi Chad Varah alipoanzisha Samaritans mwaka 1953 kwa ajili ya watu waliokata tamaa, na ni London tena ambako mtangazaji Esther Rantzen alizindua Childline mwaka 1986. Inaelezwa kwamba usiku wa kwanza majaribio ya kupiga yalifikia 50,000, ishara kwamba hata huko kwenye mali watoto walikuwa na mengi vifuani. Lakini tawi la pili la mti huu halikutoka Ulaya. Mwaka 1996 huko Mumbai, Jeroo Billimoria alianzisha namba 1098 kwa ajili ya watoto wa mitaani, waliolala stesheni za treni na kupiga kwa simu za umma. Watoto wale hawakuhitaji sikio peke yake. Walihitaji mtu wa kuwafuata usiku huohuo na kuwapeleka hospitali. Mwanamke huyohuyo ndiye aliyeanzisha mtandao wa Child Helpline International mwaka 2003, ambao unaziunganisha huduma za nchi nyingi. Huduma zetu za Afrika, ambazo nyingi zimechukua namba 116, Kenya, Uganda, Malawi na Zambia zikiwemo, zimebeba mila zote mbili: zinasikiliza kama London na zinafuatilia kama Mumbai, kwa kadiri maofisa ustawi wanavyopatikana, na huko kwenye halmashauri ndiko mzigo unakozidi watu.

Na somo, Mzee, alikuwa nani? Hakuwa mama. Wazee wetu walimchagua mtu asiyekuwa mama kwa makusudi, kwa sababu walijua kwamba yapo maneno ambayo mtoto hawezi kumwambia mtu ambaye machozi yake anayaogopa. Leo mabinti wengi wa Dar es Salaam wana shangazi aliye Songea na bibi aliye Bukoba, na somo hawana kabisa. Namba ile haijachukua nafasi yake, maana haitamcheza ngoma wala haitakuja harusini. Imechukua sehemu moja tu ya kazi yake, ile ya kusikia bila kushtuka.

Dada, usimhoji. Lakini usinyamaze pia, kwa sababu akijua kwamba umeona na hukusema neno, atajaza mwenyewe pengo hilo kwa hofu. Mwambie sentensi moja au mbili, mkiwa mnafanya kazi ya mikono, bila kutazamana.

Mwalimu_Mbagala alijibu:

Naungana na aliyetangulia, ila nina maswali mawili ambayo yeye, kwa upole wa kazi yake, hakuyauliza.

La kwanza: kati ya saa tisa na saa kumi na moja, nani mwingine huingia nyumbani kwako? Usikasirike. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 na kutolewa mwaka 2011 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18, na takriban nusu ya wasichana hao hawakumwambia mtu yeyote. Wengi hawakuumizwa na wageni kutoka mbali. Simaanishi kwamba ndivyo ilivyo kwako. Namaanisha kwamba jambo hilo liangaliwe kwa macho kabla halijaondolewa kwa matumaini.

La pili: alisoma shule ya msingi ya Kiswahili? Kama ndiyo, basi tazama pia daftari zake. Kila mwaka nawapokea watoto waliokuwa nyota darasa la saba, ambao Januari wanaingia kwenye masomo yanayofundishwa kwa Kiingereza na kufikia Machi wameacha kunyoosha mkono. Mtoto aliyezoea kuitwa hodari anapochekwa kwa kutamka neno vibaya, anapoteza kitu zaidi ya alama. Hawezi kueleza nyumbani, kwa sababu nyumbani bado wanamwita hodari. Shule zetu nazo zina mwalimu wa malezi ambaye aghalabu ana vipindi kama wengine wote, na ambaye, niseme ukweli, mara nyingine ndiye huyohuyo anayeshika fimbo. Simu kwa wanafunzi ni marufuku. Kwa hiyo kitochi chako sebuleni, jioni, ukumbi ukiwa mtupu, ndicho chumba pekee cha faragha alicho nacho.

Jambo la mwisho ni zito. Akisema maneno ya kuchoka kuishi, hata kwa utani, usimkemee na usimwambie ni dhambi kwanza. Muulize waziwazi kama anafikiria kujidhuru; kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Kisha usimwache peke yake, na mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Kanuni ya Adhabu yetu inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, na nimeona familia zikificha hali ya mtoto kwa kuogopa polisi, wakati mtoto bado alikuwa katika hatua ya kuhitaji daktari na mtu wa kulala naye chumba kimoja.

Mzee_wa_Ukonga alijibu:

Marahaba, Msikilizaji. Nimekuelewa kuhusu somo, ingawa sikubaliani na yote. Sauti bila uso bado inanipa shaka. Hilo la kukiondoa kitochi nalifuta. La shangazi nalishikilia, ila asije kama mpelelezi.

MamaWawili_Tabata aliandika:

Nawashukuruni nyote, na naomba radhi kwa kukaa kimya siku sita.

Nimjibu Mwalimu kwanza, kwa kuwa swali lake lilinichoma na nikalifanyia kazi kabla ya kufanya lolote. Muda ule anakuwa peke yake. Mpangaji wa chumba cha uani hurudi usiku na mke wake. Hata hivyo nimebadilisha utaratibu, na sasa mama mmoja wa jirani ninayemwamini hukaa barazani kwangu na cherehani yake mpaka nirudi.

Juzi jioni tulikuwa tunachambua mchele. Nikamwambia, macho yangu yakiwa kwenye ungo, kwamba nimeona 116 kwenye simu, kwamba sitaki kujua alichosema, na kwamba hakukosea kupiga. Akaendelea kuchambua kwa muda ambao niliuona mrefu mno. Halafu akauliza, "Kwani imekula salio?" Nikamwambia ile namba ni bure. Akasema alikuwa akiogopa kwamba ndilo lililonifanya niwe na uso mzito tangu Jumapili. Mimi niliyedhani nimeficha!

Mengine yalikuja vipande vipande. La Kiingereza lipo, tena Mwalimu ulipatia mpaka mwezi. Kuna somo ambalo wenzake humwiga anavyosoma, na siku moja hata mwalimu alicheka. Alinionyesha daftari la Baiolojia ambalo amenakili kila kitu kwa mwandiko mzuri bila kuelewa ubeti wake hata mmoja. Nililia baadaye, bafuni. Kisha akaanza kusema jambo lingine, "na halafu kwenye daladala," akaishia hapo, akainuka kwenda kuosha mchele. Sikumfuata. Sijui kama nilifanya vizuri au vibaya.

Nauliza mambo mawili ya mwisho. Je, mimi mzazi naruhusiwa kupiga namba hiyo kwa ajili yangu, nipate mtu wa kunielekeza? Na hilo la daladala, nisubiri kwa muda gani?

Msikilizaji_Mstaafu alijibu:

Unaruhusiwa, dada. Mtu mzima mwenye wasiwasi juu ya mtoto hupokelewa, na huhitaji kuwaeleza kwamba binti yako naye alipiga.

La daladala usilisubiri kwa wiki. Kesho panda naye asubuhi kutoka kituoni kwenu mpaka shuleni, kwa kisingizio chochote, hata cha kwenda kumwona mwalimu wa darasa kuhusu Kiingereza, ambalo kwa vyovyote ni jambo la kufanya. Angalia anachagua kukaa wapi, anamwepuka nani, na makonda wanamsemesha vipi. Inaweza kuwa ni kusukumwa na kuachwa kituoni kama wanafunzi wote wa mji huu, na inaweza kuwa ni mkono wa mtu. Mkirudi jioni mwambie ulichokiona wewe, si unachokihisi. Ikibainika kwamba kuna aliyemgusa, msianze kwa konda wala kwa mwenye gari. Nendeni kituo cha polisi chenye Dawati la Jinsia na Watoto. Na kama ni zaidi ya kumgusa, hospitali ndiyo ya kwanza, siku hiyohiyo, kabla hajaoga na kabla nguo hazijafuliwa.

Kitochi kiendelee kukaa palepale sebuleni, na kiwe na chaji.